Mtoto Akilazwa Makadara: Huduma za Watoto na Msaada kwa Familia katika Hospitali Kuu ya Pwani

Jina lake rasmi ni Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, lakini ukimwambia dereva wa matatu au tuktuk "nipeleke Makadara", hahitaji maelezo zaidi. Ni hospitali ya kiwango cha tano, iko kisiwani Mombasa na inasimamiwa na serikali ya kaunti. Kabla ya ugatuzi wa 2013 ilikuwa hospitali ya mkoa mzima wa Pwani, na kazi hiyo haijaisha. Wagonjwa waliozidi uwezo wa hospitali za Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta bado huletwa hapa.

Kwa hiyo mzazi anayeketi kando ya kitanda cha mtoto huko wodini huenda ametoka Majengo kwa miguu, au amevuka kivuko cha Likoni usiku, au amesafiri siku nzima kutoka Hola. Mara nyingi hajui nani ni nani, aulize wapi, wala ana haki gani. Makala haya yanaeleza jinsi huduma za watoto zinavyokwenda, na msaada gani mzazi anaweza kuuomba.

Uanzie wapi?

Si kila homa ni ya kupelekwa Makadara. Chanjo, kupima uzani, kikohozi chepesi na kuhara kwa kawaida hutibiwa vizuri katika zahanati na vituo vya afya vya mitaani. Juu yake kuna hospitali za kaunti ndogo, kama Tudor, Likoni na Port Reitz. Hizo zikiona tatizo linawashinda, huandika barua ya rufaa. Barua hiyo ina maana kubwa. Inaonyesha mtoto amepewa dawa gani, saa ngapi na kwa kipimo gani, na bila hiyo daktari wa pili huanza upya.

Dharura haingoji barua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Mtoto aliye taabani huanza kuhudumiwa kwanza, karatasi na malipo yafuate.

Kwenye kitengo cha dharura watoto hawaonwi kwa kufuata nani alitangulia kufika. Muuguzi huwapanga kwa hali zao: anayeshindwa kupumua, aliyezimia au anayetetemeka kwa degedege huingia moja kwa moja. Ukimwona mwingine amepitishwa mbele yako, usidhani ni mjomba wa mtu. Na hali ya mwanao ikibadilika mkiwa foleni, usinyamaze kwa haya. Simama umwambie muuguzi.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni saa nane za usiku, akiwa na mojawapo ya haya:

- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepatwa na degedege.
- Amelegea, haamki vizuri au hatambui watu.
- Kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi.
- Anapumua kwa kasi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo ni kasi ya ugonjwa.
- Ni wa chini ya miezi miwili na joto lake limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa wa baridi kuliko kawaida.

Degedege, utosi na kilimi

Katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto akitetemeka na kugeuza macho, wazee husema ni degedege, na wengine huhusisha na ndege wa usiku au jini. Mtoto hufukizwa, hupewa kombe au hupelekwa kwa mganga kwanza. Hakuna anayekataza dua. Shida ni saa zinazopotea. Kwa tabibu, kutetemeka huko kunaweza kuwa ni homa kali tu, lakini pia kunaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au uti wa mgongo, maradhi yanayoweza kuua au kumwacha mtoto na ulemavu matibabu yakichelewa. Mlaze mtoto kwa ubavu, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimtose kwenye maji baridi. Kisha nendeni. Dua isomwe njiani.

Utosi uliobonyea nao si ugonjwa wa peke yake. Ni mwili wa mtoto mchanga unaoonyesha kuwa umepungukiwa maji, mara nyingi kwa kuharisha. Kubandika dawa utosini hakurudishi maji. Kinachoyarudisha ni kuendelea kumnyonyesha na kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa. Anayeharisha huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Ama kukata kilimi kwa sababu mtoto anakohoa au anatapika, kumeleta wodini watoto wanaovuja damu na wenye jeraha lililoingia vijidudu. Kikohozi kina sababu zake, na kilimi si mojawapo.

Wodi ya watoto wachanga

Hapa hulazwa waliozaliwa kabla ya wiki 37, wenye uzani mdogo, waliochelewa kulia walipozaliwa, wenye maambukizi na wenye manjano. Mama huruhusiwa kuingia kunyonyesha au kukamua maziwa, na maziwa hayo humpa mtoto kinga ambayo maziwa ya kopo hayana. Asiyeweza kunyonya hupewa kwa kikombe au kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Mpira huo huwatisha wengi, lakini ni njia ya chakula tu.

Mtoto mwenye uzani mdogo hupotezea joto haraka. Pamoja na mashine za kutia joto, kuna njia isiyohitaji umeme: kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha kumfunga kwa leso. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 chini ya daktari Edgar Rey, wakati ambapo mashine hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianzishwe mapema kadiri inavyowezekana baada ya kuzaliwa, na idumu kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba anaweza kubeba. Bibi anaweza kubeba. Mama aliyepasuliwa anahitaji kupumzika, na joto la kifua cha baba halina tofauti na lake.

Mambo matatu ya kwetu yanahitaji kusemwa wazi. La kwanza ni adhana. Baba anayetaka kumwadhinia mwanawe aliyelazwa amwambie muuguzi, anawe mikono, aingie kwa utaratibu. La pili ni wanja, mafuta na majivu kwenye kitovu. Yaachwe, kwa sababu kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Kinachopakwa ni dawa ya kitovu mliyopewa hospitali. La tatu ni arobaini. Kumpumzisha mzazi ndani siku arobaini ni desturi nzuri, lakini haizuii kwenda kliniki. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Manjano yanayoonekana siku ile ile ya kuzaliwa, au yaliyofika viganjani na nyayoni, ni dharura. Kumwanika mtoto juani hakutoshi, kwani anaweza kuhitaji taa maalumu za hospitali, na manjano makali huharibu ubongo na masikio.

Utapiamlo, na aibu ya chirwa

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupimwa mkono wa juu kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Miguu yote miwili ikivimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo libaki, huo pia ni utapiamlo mkali hata kama mtoto anaonekana mnene.

Miongoni mwa Wamijikenda hali hii huitwa chirwa, na huaminika kuwa imeletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa. Matokeo yake ni kwamba mama humficha mtoto kuliko kumtoa akaambiwa maneno, na hufika hospitali akiwa amechelewa. Mume na mama mkwe wana la kufanya hapa: wasimwache mama abebe lawama peke yake. Chanzo ni chakula kisichotosha au kisicho mchanganyiko, maradhi ya mara kwa mara, au mtoto kuachishwa ziwa mapema.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali anayekataa kula au mwenye ugonjwa mwingine hulazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kwa vipimo vidogo vidogo. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua, kwa hiyo usimlishe kwa siri. Anayeweza kula hupewa pakiti za lishe ya njugu za kula nyumbani. Pakiti hizo ni dawa, hazigawiwi kaka na dada zake. Mtaalamu wa lishe pia humwelekeza mama namna ya kuboresha uji na ugali kwa vitu vinavyopatikana kwetu: dagaa, kunde, mchicha, nazi, yai.

Selimundu, ugonjwa wa damu yetu

Pwani ni mojawapo ya sehemu za Kenya zenye watoto wengi wenye selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita. Sababu ni ya kale: mwenye kurithi kinasaba kimoja hapati ugonjwa, na hulindwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, hivyo kinasaba hicho kilienea kulikokuwa na mbu. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa. Familia zinazooana ndani kwa ndani, binamu kwa binamu, zina sababu zaidi ya kupima kabla ya ndoa.

Dalili za mapema ni vidole vya mikono au miguu kuvimba na kuuma, macho ya manjano, upungufu wa damu na maumivu ya mifupa yanayorudi rudi. Ugonjwa hauletwi na hasadi, na si kosa la mama. Umetoka kwa wazazi wote wawili kwa sehemu sawa.

Utafiti uliofanyika Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa 1989, umesaidia dunia kuelewa kinachowaua watoto hawa. Ulionyesha kuwa vijidudu vinavyoingia kwenye damu, hasa vya nimonia, ni adui wao mkubwa. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku utotoni, na ndiyo maana chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 isikosekane. Kilifi pia ilishiriki katika jaribio la dawa ya haidroksiyurea lililohusisha watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa maumivu makali, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ana haki ya kumuuliza daktari kliniki: je, dawa hii inamfaa mwanangu?

Watoto hawa huhitaji damu mara kwa mara. Damu haiuzwi, lakini haitengenezwi kiwandani vilevile. Wajomba na mashangazi wanaokuja kumtazama mgonjwa wangefanya vizuri zaidi kujitolea damu kuliko kuleta chupa ya tano ya sharubati.

Mtoto aliyedhulumiwa

Tangu 2007 hospitali hii imekuwa na kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia, watoto wakiwemo. Mtoto akinajisiwa, nenda hospitali kwanza. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Ya kuzuia mimba kwa msichana aliyebaleghe ni ndani ya saa 120. Usimwogeshe na usifue nguo zake. Ziweke kwenye bahasha au gazeti, si mfuko wa plastiki. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa fomu ya P3. Zote mbili ni za ushahidi mahakamani.

Kikao cha wazee kinachomaliza jambo kwa faini au kwa ndoa hakimtibu mtoto, na sheria hailitambui kosa hili kuwa la kusuluhishwa nyumbani. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195.

Ofisi ambayo wengi hawaijui

Afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye mtu wa kumtafuta mapema, siyo siku ya kutoka. Hukutana na familia iliyoshindwa na bili, mama aliyetelekezwa, mtoto asiye na mlezi, au anayetakiwa kwenda kutibiwa mbali. Hupima uwezo wa familia na kupeleka ombi la kupunguziwa au kusamehewa malipo kwa wasimamizi. Uliza jina la ofisi hiyo siku ya pili ya kulazwa. Barua ya chifu au mzee wa mtaa husaidia, na huchukua siku kuipata.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha pekee hakutoshi kwa matibabu ya kulazwa Makadara. Mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hukadiriwa na kutakiwa kulipa kwa mwaka, na huo ndio mzigo wa wavuvi, mama mboga na vibarua wa bandarini. Hakikisha watoto wote wameorodheshwa chini ya jina lako kabla ya ugonjwa. Kwa mtoto mchanga, chukua notisi ya kuzaliwa kabla ya kutoka hospitali, kwa kuwa ndiyo mlango wa cheti, bima na, baadaye, shule. Kujiandikisha ni kwa *147#.

Na deni likibaki? Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Mahakama ilisema kuwazuilia ni kuvunja haki zao. Hospitali inaweza kudai fedha zake kwa njia za kisheria, lakini mgonjwa si rehani. Ukikabiliwa na hali hiyo popote, omba maelezo kwa maandishi, muone afisa wa ustawi, na usimkabidhi mtu yeyote pesa mkononi bila risiti.

Familia wodini

Mtoto aliyelazwa huhitaji mtu wake karibu, na kwa kawaida mtu huyo ni mama. Lakini mama anayekaa wiki tatu kwenye kiti huchoka, maziwa hupungua, na huko nyumbani watoto wengine hubaki bila mwangalizi. Pangeni zamu: mmoja wodini, mmoja wa chakula, mmoja wa watoto waliobaki. Mama anayenyonyesha aliye na mtoto mgonjwa wakati wa Ramadhani ana ruhusa ya kisheria kula na kulipa baadaye ikiwa anahofia nafsi yake au mtoto. Muulizeni shekhe wenu, msimwache ajitese.

Daktari anapozunguka asubuhi, huo ndio wakati wa kuuliza. Maswali manne yanatosha: mwanangu ana nini, dawa hii ni ya nini, tunangoja majibu gani, na dalili gani nikiiona niwaite? Kabla ya upasuaji mzazi hutia sahihi. Usitie kwa jambo hujalielewa, na una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili. Ikiwa baba yuko safarini, mpigieni simu mapema, kwa sababu kumngoja "mwenye mtoto" kumegharimu maisha ya watoto waliohitaji kisu usiku ule ule.

Na mtoto akifariki, familia ina haki ya kuelezwa sababu, kupewa nafasi ya kuwa naye, na kumsitiri haraka kwa mujibu wa dini yake. Mwambieni muuguzi mapema mnavyotaka. Mama naye ashikwe mkono. Kumwambia "utapata mwingine" si taazia.

Siku ya kutoka

Usiondoke bila karatasi ya muhtasari wa matibabu, dawa zenye maelezo, tarehe ya kurudi kliniki na kijitabu cha mama na mtoto. Chunguza ukurasa wa chanjo: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Iliyopitwa akiwa mgonjwa hulipiziwa, haifutwi. Vitamini A huanza miezi sita na kurudiwa kila miezi sita.

Andika tarehe ya kurudi nyuma ya mlango ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona. Mtoto aliyetoka wodini akionekana mzima ndiye ambaye kliniki yake husahaulika kwa urahisi zaidi, hasa yule wa selimundu na yule aliyezaliwa kabla ya siku zake, na hao ndio wasiofaa kuikosa.